Vianzio vya sentensi: namna ya kumtoa mwanafunzi wa S1 kwenye ukurasa mtupu

"Mwalimu, maneno yamekwisha."

Msichana wa kidato cha kwanza (S1) aliniambia hivyo huku akininyooshea daftari lake. Nilikuwa nimewapa kazi ya kueleza soko la karibu na kwao, nusu ukurasa tu. Yeye alikuwa ameandika: *Soko letu ni nzuri. Soko ni kubwa. Watu ni wengi. Ninapenda soko.* Chini ya hapo karatasi ilikuwa nyeupe. Na huyu ni mtoto ambaye mama yake huuza nyanya katika soko hilo hilo. Analijua kuliko mimi. Nikachukua penseli yake nikamwandikia mwanzo mmoja: *Asubuhi soko letu huwa kimya, lakini ikifika jioni…* Akautazama, akainama, akaandika: *lakini ikifika jioni mafuta ya chapati yananukia mpaka barabarani na mama hana nafasi ya kukaa.*

Maneno alikuwa nayo tele. Alichokosa ni pa kuanzia.

Ninafundisha Kiswahili upande huu wa Mbale, mashariki mwa Uganda, na tangu siku hiyo nimefanya kazi na vianzio vya sentensi karibu kila juma. Kianzio ni kipande cha sentensi ambacho mwalimu hukitoa ili mwanafunzi akimalizie mwenyewe. Kinaonekana kitu kidogo, na kwa sababu hiyo walimu wengi hukitumia ovyo, nami nilikuwa mmoja wao. Hapa ninaandika kwa mwalimu mwenzangu wa S1 na S2 namna ya kukitumia hadi kizae matunda, na namna ya kukiondoa.

Kwanza tukumbuke tunaowafundisha ni akina nani. Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 uliweka Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima katika S1 na S2. Lakini wengi wa watoto tunaowapokea baada ya P7, darasa la mwisho la msingi, hawakukisoma katika shule ya msingi. Wamekiokota kwa masikio: kwa madereva wa malori yanayopita mpakani Malaba na Busia, kwa nyimbo za redioni, kwa jirani aliyewahi kukaa Kenya. Atakuuliza bei kwa Kiswahili, ataomba apunguziwe, atacheka nawe. Mpe kalamu, ananyamaza. Na mtaala wenyewe unamtaka aandike barua, taarifa na maelezo yanayohusu maisha halisi, si kujaza nafasi tu. UNEB, baraza la mitihani la taifa, ilipotahini kundi la kwanza la mtaala huu mwaka 2024, asilimia 20 ya alama zilitokana na kazi zilizofanywa shuleni na asilimia 80 na mtihani wa mwisho. Uandishi hauwezi kusubiri S4.

Hatua ya kwanza: andika wewe kabla yao

Usiku wa kuamkia kipindi, kaa uandike ile aya unayoitaka kwa wanafunzi. Iandike kwa Kiswahili cha kiwango chao, mistari sita au saba. Ukimaliza, isome tena ukitafuta viungo vyake: ni wapi wazo linageuka, ni wapi linaeleza sababu, ni wapi linaleta mfano. Vipande vilivyo kwenye viungo hivyo ndivyo vianzio vyako. Chagua vitatu, visizidi vinne.

Hatua hii inaudhi mtu aliyechoka, najua. Lakini ndiyo inayokuonyesha kama kianzio kina njia au ni ukuta. Niliwahi kuandika ubaoni *Umuhimu wa mazingira ni…* nikashangaa darasa zima limeandika kitu kimoja: *ni muhimu sana.* Ningalijaribu kukimalizia mimi mwenyewe usiku ule, ningaliona kwamba hata mimi sina la kusema hapo. Siku iliyofuata nilikibadilisha kuwa *Mto unaopita chini ya shule yetu ulikuwa…, siku hizi…* na kila mtoto akawa na la kwake: mmoja samaki, mwingine chupa za plastiki, mwingine mahali walipokuwa wakiogelea kabla maji hayajapungua.

Kipimo changu ni hiki: kianzio kizuri hakiwezi kumalizwa kwa maneno *nzuri sana*.

Hatua ya pili: fahamu kianzio kinadai sarufi gani

Hapa ndipo Kiswahili kinapotutaka tuwe waangalifu. Kila kianzio huja na deni lake. Kikishatamkwa, kitenzi kinachofuata hakina uhuru wa kuvaa umbo lolote. Mwanafunzi asipofundishwa deni hilo pamoja na kianzio, ataandika sentensi iliyonyooka kichwani na kupinda kiunoni.

Makosa ninayokutana nayo kila muhula ni haya:

*Kabla ya nilienda sokoni…* Anayesema *kabla ya* hana budi kuweka kitenzi-jina: *Kabla ya kwenda sokoni.* Akitaka kumtaja mtendaji, aache *ya* na atumie *-ja-* ya kukanusha: *Kabla sijaenda sokoni, kabla mama hajarudi.* Umbo hili la pili huwachanganya, maana linakanusha jambo ambalo pengine lilitokea. Mimi hulifundisha peke yake, kipindi kizima, kwa vianzio vitatu vya namna moja: *Kabla jua halijachomoza…, Kabla kengele haijalia…, Kabla mvua haijaanza…*

*Baada ya nilikula…* Deni ni lile lile: *Baada ya kula.*

*Licha ya yeye ni mgonjwa…* Ama *Licha ya kuwa mgonjwa*, ama *Ingawa ni mgonjwa.* Viandike viwili hivi kimoja juu ya kingine ubaoni ili waone kwamba maana ni moja na umbo ni mawili.

*Ili ninafaulu…* Inakuwa *Ili nifaulu.* Vivyo hivyo baada ya *Ni lazima…, Ni muhimu…, Ninaomba…*: *ni lazima tufagie, ninaomba uniruhusu.*

*Wakati nilifika…* Mtoto amefikiri kwa Kiingereza hapo. Mpe *Nilipo____* ikiwa wazi mwishoni, naye ajaze: *Nilipofika, nilipomwona, nilipofungua.*

*Kama ningekuwa mwalimu mkuu, nitaweka…* Wafundishe kwamba *-nge-* hutembea wawili: *ningekuwa…, ningeweka.*

Umeona kile kianzio cha *Nilipo____*? Kinaishia katikati ya neno. Hiyo ni mbinu ambayo lugha yetu inatupa bure, na tuitumie. Badala ya kuandika *Miembe ya shule…* na kumwacha mtoto akisie, andika *Miembe iliyo nyuma ya jiko i____*. Kiambishi kimeshakaa, yeye analeta wazo: *imezaa sana mwaka huu, inatupa kivuli wakati wa posho (ugali), imekatwa yote isipokuwa mmoja.* Baada ya vianzio kumi vya aina hiyo, *i-* ya miti, *li-* ya soko na *vi-* ya vitabu huanza kukaa mdomoni bila kukariri jedwali la ngeli.

Watoto wanaozungumza Luganda hunufaika haraka, maana *omuti, emiti* ni ndugu wa *mti, miti*, na *ekitabo, ebitabo* ni ndugu wa *kitabu, vitabu*. Waonyeshe undugu huo waziwazi. Kwa wale ambao lugha zao za nyumbani ni Kiacholi au Kilango, ngeli za namna hii ni kitu kigeni kabisa, kwa hiyo waache wakae na vianzio vyenye kiambishi kwa muda mrefu zaidi kuliko wenzao. Wasionewe haya kwa hilo.

Hatua ya tatu: mdomo kabla ya kalamu

Andika kianzio ubaoni, soma kwa sauti, kisha waambie waketi wawili wawili na kila mmoja akimalizie kwa mdomo mara tatu, kila mara kwa njia tofauti. Dakika tano zinatosha. Darasa la watu sabini na kitu litapiga kelele; acha lipige. Pita kati ya madawati usikilize. Ukisikia mmalizio mzuri, mwombe mwenyewe auseme kwa wote.

Mtoto akikwama kwenye wazo, mruhusu aliwaze kwa Lumasaba au Ateso, amwambie jirani yake, kisha watafute pamoja namna ya kulisema kwa Kiswahili. Hakuna aliyekufa kwa kufikiri kwa lugha ya mama yake.

Baada ya hapo ndipo kalamu zitoke.

Hatua ya nne: shina moja, matawi matatu

Ukiwa na nafasi ya zoezi moja tu katika juma, fanya hili. Chukua sentensi kamili, kisha waombe waimalize mara tatu: kwa *kwa sababu*, kwa *lakini*, na kwa *kwa hiyo*. Shina ni lile lile, fikra tatu tofauti.

Sisi tulichukua shina kutoka somo la jiografia: *Kahawa ya arabika hustawi kwenye miteremko ya Mlima Elgon…* Kundi moja liliandika:

*…kwa sababu huko juu kuna baridi na mvua ya kutosha.*

*…lakini bei haipangwi na mkulima.*

*…kwa hiyo watu wa kwetu hulipa karo msimu wa kuchuma ukifika.*

Soma tena sentensi ya pili. Aliyeiandika ni mvulana ambaye katika mazoezi ya kawaida haandiki zaidi ya mistari miwili. *Lakini* ilimlazimisha atafute upande wa pili wa jambo, na upande huo anaujua, kwa kuwa ameshika kamba ya mzani babake akiuza. *Kwa sababu* hupata majibu ya kitabuni, na ni sawa. *Lakini* ndiyo inayoleta ya nyumbani.

Shina litokane na jambo wanalolijua. Ukiwapa shina kuhusu bahari, wataandika upepo. Ukiwapa kuhusu mwenye boda boda anayewasubiri getini, au kibanda cha rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai), au foleni ya posho na maharage, watakuwa na mashahidi. Mashina ya masomo mengine yanafaa pia mradi wameshafundishwa: *Bwawa la Nalubaale pale Jinja lilifunguliwa mwaka 1954, …* Hapo *lakini* itakuonyesha nani aliyeelewa somo la historia na nani aliyekariri mwaka.

Hatua ya tano: kutoka sentensi kwenda aya

Vianzio vya masimulizi havifanani na vya hoja, na barua ina vyake. Wala si lazima uvitafute mbali. Kwa masimulizi ninatumia *Nilipo____*, *Kabla sija____*, *Tangu siku hiyo…* Siwapi *Ghafla*, maana wakiipata kila kitu hutokea ghafla, hata chakula cha jioni. Kwa maelezo ya mahali: *Ukisimama kwenye…, utaona…*, *Kinachosikika zaidi ni…* Kwa barua kwa mwalimu mkuu: *Ninaandika kukuomba…*, *Tatizo hili lilianza…*, *Tunaomba tu____*.

Hoja ndiyo ngumu, nayo inastahili kipindi zaidi ya kimoja. Mada yetu ilikuwa kama wanafunzi wa kutwa waruhusiwe kuja na simu shuleni. Watoto wote walikuwa upande mmoja, unaweza kubahatisha upi. Nikawapa vianzio vinne kwa mpangilio huu:

*Wapo wanaosema kwamba…*
*Wana haki kusema hivyo, kwa sababu…*
*Hata hivyo, …*
*Mfano ninaoujua mimi ni…*

Kile cha pili kiliwachoma. Kumpa mpinzani haki yake kabla ya kumjibu ni jambo ambalo hata watu wazima huliona chungu. Msichana mmoja alikaa nacho dakika kumi, kisha akaandika: *Wana haki kusema hivyo, kwa sababu hata mimi nikiwa na simu ya kaka yangu ninasahau kuchota maji.* Baada ya hapo *Hata hivyo* yake ilikuwa na uzito, maana ilikuwa na kitu cha kupingana nacho.

Ni hapo ninapotaka kueleza kosa langu kubwa zaidi. Mwaka wa kwanza nilibandika ukutani karatasi ya manila yenye vianzio na viunganishi zaidi ya thelathini: *aidha, isitoshe, hali kadhalika, kwa hakika, hata hivyo*, vyote kwa safu nzuri. Wiki mbili baadaye nilipata insha kama hii: *Nyumbani tuna ng'ombe wawili. Aidha, baba ni fundi. Hata hivyo, ninapenda maziwa.* Watoto walikuwa wamechukua maneno kama mapambo ya harusi. Hawakuwa na kosa. Mimi niliwapa majina ya viungo bila kuwaonyesha viungo hivyo vinashika nini. Niliibandua manila ile. Sasa kianzio kipya hupanda ukutani baada tu ya darasa kukitumia kwa mdomo na kwa maandishi, na chini yake tunaandika mmalizio mmoja bora wa mwanafunzi. Ukuta unajaa polepole, na hakuna neno pale ambalo hawalijui.

Hatua ya sita: kusahihisha bila kufa

Madaftari sabini hayasahihishiki kwa siku moja, na anayejaribu huishia kutia alama ya vema tu. Mimi huchukua kumi na tano kwa siku, kwa zamu, hadi juma liishe. Ninasoma kile kilicho baada ya kianzio, kwa kuwa kilicho kabla yake nimekiandika mimi. Ninajiuliza mambo mawili: je, deni la sarufi limelipwa, na je, kuna wazo?

Makosa mengine nayaacha yapite kwa siku hiyo. Kwa mfano, mtoto wa Luganda akiandika *irikuwa* badala ya *ilikuwa*, anafuata kanuni ya lugha yake, ambayo huandika *r* baada ya *i* na *e*. Si uzembe. Kosa hilo lina kipindi chake, na nikilizungushia wino mwekundu kila linapotokea, hataandika mstari wa pili.

Badala ya kuandika pembeni "fafanua" au "eleza zaidi", ninaandika kianzio kingine. Penye sentensi iliyokatika mapema naandika *Kwa mfano, siku moja…* Penye dai lisilo na ushahidi: *Nililiona hili pale…* Mtoto akipokea daftari, kazi yake ya kwanza ni kukimalizia kile kianzio cha pembeni kabla hatujaendelea. Neno "fafanua" walikuwa wakilisoma na kufunga daftari. Kianzio wanakijibu.

Hatua ya saba: ondoa miti

Anayepita Kampala huona majengo yanayopanda yakiwa yamezungukwa na miti ya mikaratusi iliyofungwa kwa misumari na kamba. Hilo ndilo jukwaa ambalo mafundi hukanyaga wakipiga lipu. Ukuta ukikauka, miti hutolewa, ikapelekwa kwenye jengo lingine. Mwaka 1976 wanasaikolojia David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross waliandika kuhusu watoto wa miaka mitatu hadi mitano waliokuwa wakijenga piramidi ya vipande vya mbao kwa msaada wa mtu mzima, nao msaada huo wakaupa jina la jukwaa hilo hilo la wajenzi, kwa Kiingereza *scaffolding*. Mkufunzi alitakiwa kusaidia pale tu mtoto aliposhindwa, na kurudi nyuma alipoweza. Sehemu ya kurudi nyuma ndiyo tunayoisahau darasani.

Nimeona S3 ambao hawawezi kuanza aya bila kumwuliza mwalimu "tuanze vipi?" Hao ni jengo lililoachiwa miti yake hadi ikaota matawi.

Kwa hiyo panga kuondoa tangu siku ya kwanza, na uandike mpango wako kwenye daftari la maandalio. Mpango wangu kwa muhula wa wiki kumi na mbili uko hivi. Wiki nne za kwanza kila sentensi ya aya ina kianzio. Kuanzia wiki ya tano ninatoa viwili tu, cha kufungua na cha kugeuza wazo. Wiki ya nane ninaandika vianzio sita ubaoni, wao wachague viwili na waniambie kwa mdomo kwa nini wamechagua hivyo. Mazungumzo hayo ya kuchagua yana faida kuliko insha yenyewe. Wiki ya kumi naufunika ukuta kwa gazeti. Wanaandika bila kianzio, kisha ninafunua, wanapitia kazi yao wakitafuta ni wapi kianzio kingewasaidia.

Wapo watakaokuwa tayari wiki ya tatu. Usimshikilie mtoto anayeandika vizuri kwa mwanzo wake mwenyewe eti kwa kuwa ubao unasema vingine, mwache aende. Na wapo watakaohitaji kianzio hadi S2. Hao nawaandikia kwenye kipande cha boksi, wanakiweka ndani ya daftari, wenzao hawajui.

Wiki mbili za mwisho ninageuza meza. Kila kundi linatunga vianzio vitatu kwa ajili ya S1 wa mwaka unaofuata, kwa sharti moja: kundi lenyewe limalize kila kianzio kwa njia nne tofauti, na hakuna kati ya hizo nne inayoruhusiwa kuwa na *nzuri sana*. Vingi hukataliwa na wenzao, tena kwa ukali kuliko wangu. Vinavyopita tunaviandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye maboksi ya sabuni. Vya mwaka jana bado viko kabatini, nitavitoa Februari:

*Siku bibi alipouza mbuzi wake wa mwisho, …*

*Kama barabara ya kwetu ingekuwa na lami, …*

*Kabla umeme haujafika kijijini, usiku tuli____*

*Mama husema kwamba hachoki, lakini…*